Carina Ti ya 98, mipira ya vioo imekufa na maji yanaingia ndani, naanzia wapi wakuu?

Mtu_wa_Tabata

Wakuu habari za mda huu. Nina Carina Ti ya 98, injini 5A, nilinunua kwa mzee mmoja mtaani ambaye kwa miaka yote alikuwa anaipaki nje juani, kiinjini haina tatizo kabisa yaani unawasha unasahau, ila mipira ya vioo ndo imekwisha. Naongelea ule mpira wa nje unaokaa chini ya kioo, pale kioo kinapozamia mlangoni. Milango yote minne umepasukapasuka kama kisigino cha mtu aliyetembea peku kiangazi chote, na wa mlango wa dereva umejikunja kuelekea juu kama dagaa aliyeanikwa. Ukigusa unabaki na unga mweusi kidoleni.

Sasa mvua za vuli ndo hizi zimeanza, juzi imenyesha usiku kucha asubuhi nakuta kapeti ya nyuma kushoto imelowa ukikanyaga inatoa maji, na ndani kuna harufu ya nguo iliyosahaulika kwenye ndoo. Nimeenda kwa fundi wa kwanza akaniambia nitie silikoni ya chupa pembeni ya kioo basi kwisha kazi. Wa pili akaniambia nibadilishe mipira yote ya gari, ya nje, ya ndani, ya milango, hadi ya buti, na akanitajia hela ambayo nikiiongezea kidogo nanunua bodaboda.

Naomba kujua: (1) huu mpira wa nje unaitwaje dukani maana kila duka wananielewa tofauti, (2) naweza kuubadilisha mwenyewe, (3) ule mpira wa kukatiwa kwa mita unaouzwa kwenye maduka ya spea Gerezani, Dar, unafaa? Na kikubwa zaidi, nikibadilisha maji yatakoma?

ngosha_wa_spea

Silikoni USITIE. Mengine watakuja wataalamu.

fundi_bodi_mstaafu

Kijana wangu soma taratibu maana hapa watu wengi wanapoteza hela.

Nianze na hilo swali lako la mwisho. Mpira wa nje wa kioo haukutengenezwa kuzuia maji yote. Kazi yake ni kufuta kioo kinaposhuka, kupunguza maji na kuzuia takataka, mawe madogo, majani, visiingie mlangoni. Hata gari ikiwa mpya kabisa kutoka kiwandani maji yanapita kidogo pembeni ya kioo yanaingia NDANI YA MLANGO, yanateremka mpaka chini yanatokea kwenye vitundu vilivyo kwenye ukingo wa chini wa mlango. Mlango wa gari ni kama mfereji uliofunikwa. Kwahiyo maji kuwa ndani ya mlango sio ajabu, ajabu ni maji kutoka kwenye mlango na kuja kwenye kapeti.

Sasa yanakujaje? Ukifungua paneli ya mlango, ile kava ya ndani yenye sehemu ya kuweka mkono, nyuma yake utakuta nailoni imebandikwa kwa gundi nyeusi inayonata kama ubani uliotafunwa. Hiyo nailoni ndo ukuta wako. Maji yakigonga nailoni yanarudi ndani ya mlango yanashuka. Ila gari zetu hizi kila moja imeshafunguliwa mlango mara kadhaa, leo mota ya kioo, kesho kitasa, keshokutwa spika, na fundi wa redio akifika pale anaichana ile nailoni anaitupa, anarudisha paneli, unaondoka umefurahi muziki unapiga. Mvua ya kwanza maji yanapita nyuma ya paneli, yanashuka kwenye kizingiti, yanaingia chini ya kapeti. Mpira wako wa nje kwa kuwa umekufa unaongeza wingi wa maji tu, lakini mlango wa kuingilia nyumbani ni huko kwenye nailoni.

Fanya hivi kabla hujanunua kitu. Chukua waya mwembamba au kijiti cha mshikaki, lala chini angalia vile vitundu vya chini ya mlango wa nyuma kushoto, zibua. Kama mzee alikuwa anapaki chini ya mti vitakuwa vimejaa tope na majani. Halafu chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, mwagia kioo taratibu kikiwa kimefungwa, mtu mwingine akae ndani na tochi. Anza chini kwenye mpira wa nje, subiri. Hakuna kitu, panda kwenye fremu ya juu. Usianze juu maana maji yatashuka kila mahali hutajua yameingilia wapi.

Na silikoni ile yenye harufu ya siki usiikaribishe kwenye bati la gari. Ile asidi yake inakula chuma, unaziba leo baada ya mwaka unakuta kutu imejaa chini yake. Zaidi ya hapo kioo kitapandaje na kushuka kikishagundishwa?

Mtu_wa_Tabata

Mzee shkamoo, asante sana. Nimefanya leo jioni, dogo wangu kakaa ndani na simu. Kuzibua vitundu: kimoja kimetoa maji meusi kama nusu kikombe!! Yalikuwa yamekaa mlangoni mda wote. Kumwagia chini, dogo anasema kuna maji yanatokea chini ya paneli pale kwenye kizingiti. Nikaivuta paneli kidogo kwa juu nikachungulia na tochi, nailoni hakuna. Kuna gundi tu imebaki duara.

Kwahiyo mpira niuache?

fundi_bodi_mstaafu

Marahaba. Mpira badilisha, usiuache. Sababu ni mbili. Ndani ya ule mpira kuna utepe wa bati, na kwa nyinyi wa Dar na hewa ya chumvi ukishapasuka bati linaanza kutu, kutu inavimba, inasukuma mpira ndo maana wako umejikunja. Ile kutu na mchanga unaonasa pale inachora kioo. Kama una tinti umeshaona mistari ya kusimama wima, hiyo ndo kazi yake. Pili kutu inahamia kwenye ukingo wa mlango wenyewe na hapo unakuja kwetu mafundi bodi na bei sio ya mpira tena.

Dada_Ti_nyeupe

Mimi nina Ti kama yako na nimebadilisha mwenyewe mipira ya milango minne hapa nyumbani, jumamosi moja na nusu. Usiogope kaka. Nieleze nilivyofanya na nilivyokosea.

Kioo shusha chini kabisa. Bandika masking tepu kwenye rangi ya mlango chini ya mpira mstari mzima, mimi mlango wa kwanza sikuweka nikachubua rangi ya kidole kizima roho iliniuma mpaka leo. Kwenye baadhi ya Toyota kuna skrubu moja ya nyota mwisho wa mpira upande mlango unapofungukia, fungua mlango uangalie kabla hujaanza kuvuta. Milango ya mbele mpira unaingia chini ya saiti mira, kwahiyo inabidi uitoe kwanza, ile plastiki ya pembetatu kwa ndani unaivuta inatoka, nyuma yake mara nyingi kuna nati 3 za namba 10 na soketi ya waya. Shika saiti mira kwa mkono mmoja unapofungua nati ya mwisho, mi ilining'inia kwenye waya.

Kutoa mpira usitumie bisibisi ya bapa, nilitumia mwiko mdogo wa mbao wa ugali wa watoto. Unaanzia nyuma unanyanyua JUU, usivute kuja nje, unasikia klipu zinaachia moja moja tak tak. Za kwangu mbili zilibaki kwenye mlango zimeshika kutu nikazitoa na koleo.

Chini ya mpira utakuta uchafu wa miaka yote. Futa, kwangua kutu na msasa, paka redoksaidi (ile rangi ya kuzuia kutu) kidogo ikauke kabisa, nami niliacha usiku mzima. Halafu mpira mpya unapanga klipu zote juu ya ukingo kabla ya kugandamiza, anza upande wa mbele, gandamiza na kiganja. Usigonge na nyundo. Ukiona hauingii ujue kuna klipu imekaa pembeni, utoe uanze tena.

Kosa langu kubwa: nilinunua wa mita. Ule unafaa kwenye ukingo wa mlango kuzuia vumbi na mlio, ila kwenye kioo haufai kwa kuwa hauna klipu wala ile kingo laini inayofuta kioo, nilikata nikabandika na gundi, wiki ya pili jua limeutoa ukawa unapepea njiani kama bendera ya daladala. Nikanunua upya wa gari yenyewe.

singida_express

Huku kwetu maji sio shida shida ni vumbi. Nimeendesha Singida miaka, gari yenye mipira mibovu unafika nyumbani meno yanasaga mchanga. Mkuu kabla hujafikiria ya vioo jaribu na mipira ya milango pia, chukua noti ya buku weka mlangoni, funga mlango, vuta. Ikitoka kiulaini bila kushikwa hapo mpira umelala. Zungusha mlango mzima utagundua sehemu gani. Mara nyingi ni pembe ya juu nyuma ya kichwa cha dereva.

Ila wakati mwingine mpira hauna ubovu wowote, ni mlango ndo umeshuka kwenye bawaba, ukifungua unashuka kidogo. Hapo unaweza nunua mipira mitano vumbi liko palepale.

ngosha_wa_spea

Nirudi sasa niko dukani nina mda. Swali lako la jina. Sisi huku wengine wanasema mpira wa nje wa kioo, wengine raba ya kioo, wengine waipa ya kioo, ukisema tu mpira wa dirisha utaletewa ule wa manyoya unaozunguka fremu ambamo kioo kinapita. Hivyo ni vitu viwili tofauti. Njia ya kutogombana na muuza duka ni namba. Toyota namba tano za mwanzo ndo aina ya kitu, zinazofuata ndo gari gani. Mpira wa nje wa kioo mbele kulia unaanza na 75710, mbele kushoto 75720, nyuma kulia 75730, nyuma kushoto 75740. Ule wa manyoya wa mbele unaanza 68141 kulia na 68151 kushoto. Leta namba ya chesisi tunatafuta zilizobaki. Ukiwa umeng'oa wa zamani leta nao, usiutupe njiani.

Na usije na upande mmoja kichwani ukaondoka na upande mwingine, kulia na kushoto haviingiliani, kila wiki narudishiwa.

Kuhusu mtumba kutoka Japani: ipo na bei rahisi, lakini fikiria vizuri, mpira wa Ti ya 98 ya Japani una umri ule ule wa mpira wako. Umekaa tu kwenye baridi. Ukitaka kununua ukunje kwa vidole, bonyeza na ukucha, ukirudi wenyewe chukua, ukibaki na alama au ukionyesha mistari midogo myeupe, acha. Na angalia bati ndani kwa kuchungulia mwishoni.

Kijiweni_Moja

mi napakaga oili chafu kidogo kwenye mipira yote kila mwezi inang'aa kama mpya, gharama sifuri

ngosha_wa_spea

Inang'aa leo mkuu. Mipira mingi ya milango na vioo vya gari imetengenezwa na kitu kinaitwa EPDM, inavumilia jua na maji vizuri tu ila mafuta ya jamii ya petroli, oili, dizeli, hata mafuta ya mgando ya kujipaka, yanaingia ndani ya mpira yanauvimbisha na kuulainisha hadi unakosa nguvu. Ndo maana na pale wanapoosha magari wakikupakia dizeli kwenye mipira unafurahi siku tatu.

Kijiweni_Moja

gari yangu ina miaka 4 napaka na haijawa na tatizo

singida_express

Na unapopaka oili chafu huku kwetu vumbi lote la wilaya linakuja kuishi kwako.

fundi_bodi_mstaafu

Paka silikoni ya kupuliza, ile ya kulainisha, sio ya kuziba. Puliza kwenye kitambaa ndo ufute mpira, usipulize hovyo kwenye gari. Kama utapeleka gari kupigwa rangi mwambie fundi, maana silikoni ikiwepo kwenye bati rangi inatoa macho macho, inakimbia pale pale, na fundi atalaumu rangi, wewe utamlaumu fundi.

Kijana wa Tabata sasa nailoni. Nenda hadiwea nunua ile nailoni nzito ya msingi wa nyumba, mita mbili inatosha milango yote. Kata kwa kufuata umbo la paneli, acha tundu la kamba za kitasa na waya. Gundi tumia ile nyeusi inayonata ya kuzibia taa za mbele, sio gundi ya viatu, maana siku ukitaka kufungua mota ya kioo unataka nailoni ivutike itoke nzima. Ipashe moto kidogo na drayeri ya nywele ishike. Na hapa ndipo wengi wanakosea: ukingo wa chini wa nailoni lazima uchomekwe NDANI ya mlango kwenye ule mwanya wa chini, ili maji yakiteremka juu ya nailoni yadondokee ndani ya mlango. Ukiibandika kwa juu ya bati, maji yatafuata nailoni yatakuja kwenye kapeti vilevile na utaniambia nimekudanganya.

Bwana_Pijo_Mombasa

Nami nawasoma kutoka Mombasa. Hii shida ya chumvi tunaijua sisi, gari ikilala Likoni kando ya bahari mwaka mmoja ni kama miaka mitatu ya Nairobi. Mimi nina Peugeot 504, zile zilizounganishwa hapa hapa Kenya, ndugu ya zile zilizoshinda Safari Rally 1975 na 1978, na kioo chake cha mbele hakijagundishwa kama cha hizo Toyota zenu, kimeshikwa na mpira mmoja mnene umezunguka. Ukifa huo mpira kioo kinapiga kelele barabarani na maji yanadondokea miguuni.

Kuuweka sio kazi ya nguvu, ni ya subira. Mpira mpya unavishwa kioo kwanza, halafu kwenye mfereji wa nje wa mpira unapitisha kamba ya nailoni nyembamba kuzunguka kote mpaka ncha mbili zikutane katikati chini. Maji ya sabuni mengi. Watu wawili: mmoja nje anagandamiza kioo kwa viganja, mwingine ndani anavuta kamba polepole, na kamba inapotoka inaleta mdomo wa mpira juu ya bati ndani. Ukivuta kwa pupa mpira unachanika ama kioo kinalia krak. Mimi nilivunja kimoja, nikavunja na cha pili, cha tatu nikamwita mzee wangu akakaa ndani yeye. Ilichukua nusu saa.

Kwa mwenye Land Cruiser za zamani au Hiace za zamani ni njia hiyo hiyo.

Mtu_wa_Tabata

Wakuu nawarudia, imechukua wiki mbili kwa sababu ya kutafuta spea. Mipira ya nje nimepata ya mbele mipya, ya nyuma nimepata mtumba niliyoijaribu na ukucha kama alivyosema ngosha, nilikataa minne nikachukua miwili, muuzaji aliniangalia kama naomba bure. Kabla ya kufunga niliilaza kwenye maji ya moto ya beseni ikalainika ikakaa vizuri.

Nailoni nimefanya milango yote minne na ukingo wa chini nimeuchomeka ndani. Kwenye mlango wa dereva nilikuta nailoni ipo lakini imekatwa duara kubwa la spika. Kapeti nimeng'oa nimeanika siku mbili, chini yake kulikuwa na sifongo imejaa maji, kama huitoi hiyo harufu haiondoki hata upulize manukato ya aina gani. Juzi mvua kubwa imenyesha, nimeingiza mkono chini ya kapeti, kukavu.

Ila mlango wa mbele kushoto kioo kinapanda taratibu sana sasa hivi, nimebadilisha na ule wa manyoya upande huo. Nimeharibu?

Dada_Ti_nyeupe

Hujaharibu, mpya unabana. Pandisha na kushusha mara kadhaa ila usiendelee kubonyeza swichi kikishafika mwisho unaichosha mota. Angalia kona ya juu kama umeingia wote hadi ndani, mimi ulinisumbua hapo. Na kama gari yako ina vaiza za mvua juu ya vioo, vile vibati vyake vinavyoshika ndani ya mpira wa manyoya inabidi virudi mahali pake, vikikaa vibaya vinabana kioo. Silikoni kavu ya kupuliza kidogo ndani ya manyoya itasaidia.

Mtu_wa_Tabata

Vaiza!!! Ndo yenyewe dada, kibati kimoja kimejikunja. Nimenyoosha na koleo kinapanda vizuri kabisa. Barikiwa sana.

Dada_Ti_nyeupe

Amina. Sasa na mimi nina ombi, ile mipira ya zamani uliyotoa klipu zake nzima bado unazo? Mlango wangu wa nyuma umebaki na mbili.

Mtu_wa_Tabata

Ngosha aliniambia nisiitupe, nikaiweka nyuma ya nyumba, mama kaichomea takataka jumapili.

ngosha_wa_spea

😂😂 Dada klipu ninazo, uza mbuzi uje.